Radi, Vitabu na Minyoo

Mwaka 2001 radi iliipiga shule moja ya msingi katika iliyokuwa wilaya ya Teso, magharibi mwa Kenya, ile ambayo mji wake wa mpakani ulikuwa Malaba. Watoto 7 walikufa, wengine 27 wakajeruhiwa. Wakati huo shirika la ICS, lenye asili ya Uholanzi, lilikuwa na miradi kadhaa katika shule za Busia na Teso, na shule iliyopigwa ilikuwa imewahi kupata msaada wake. Msiba haukupoa kabla maneno hayajaanza kutembea. Hao wageni wametuletea nini? Mbona shule hii wanaipa na ile wanainyima? Baadhi ya wanakijiji wakakata shauri kwamba radi na shirika ni kitu kimoja. Shule kadhaa zikajitoa katika mradi mwingine kabisa wa ICS, wa kuwapa ufadhili wasichana wa darasa la sita waliong'ara kwenye mtihani, ingawa shule iliyopigwa haikuwa hata kwenye orodha ya mradi huo.

Msomaji asiharakishe kucheka. Wazazi wale walifanya kazi ambayo kila mtafiti huianza hivyo hivyo: waliona tukio zito, wakauliza ni jambo gani geni lililolitangulia, wakaunganisha viwili hivyo. Na ICS ilikuwa geni kweli. Iligawa misaada kwa kura, utaratibu ambao kijijini haukueleweka kirahisi, maana mgeni mwenye mali akimpa huyu na kumruka yule bila sababu inayoonekana, watu hujitafutia sababu wenyewe.

Kasoro ya wazo lao iko kwenye umbo lake. Tuchukue shule nyingine yenye msaada ikae miaka kumi bila kupigwa: basi laana ya shirika imetulizwa. Shule isiyo na msaada wowote nayo ipigwe: basi laana imewavuka wenyewe. Hakuna mvua wala kiangazi ambacho kingemlazimisha mwenye wazo hilo aseme, "Hapa nimekosea." Liweke kando ya wazo jingine, kwamba bonde la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi, kwa sababu unyevu wa ziwa na joto la nchi kavu hujenga mawingu mazito karibu kila siku ya msimu wa mvua, na kwamba majengo yasiyo na kinga radi ndiyo yanayoumiza watu. Wazo hili linajifunga lenyewe. Linakutajia msimu, linakutajia aina ya jengo. Ukikagua shule mia zenye kinga radi na mia zisizo nayo, ukakuta wanaumia sawasawa, limeanguka, na halina pa kujificha.

Wanaisimu wa Kiswahili walipotafuta neno la haipothesia walipata nadharia tete, na katika kazi za uundaji wa istilahi hii ni mojawapo ya zile zilizofanikiwa. Tunasema hali ya mgonjwa ni tete, usalama wa mpakani ni tete: jambo limesimama, ila linaweza kuvunjika wakati wowote. Nadharia isiyovunjika kwa namna yoyote haistahili jina hilo. Karl Popper aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili kule Vienna mwaka 1934, na tangu hapo wanafalsafa hawajaacha kubishana naye, lakini kiini cha hoja yake kimo tayari ndani ya lile neno moja dogo.

Methali zinafaa kama mfano wa upande wa pili. Mtu akichelewa akafaulu, tunamwambia haraka haraka haina baraka. Akichelewa akakosa, tunamwambia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Zote mbili zina hekima, na kwa pamoja haziwezi kushindwa kamwe, kwa kuwa mzee huchagua ya kusema baada ya kujua mambo yalivyokwisha. Nadharia tete hainyimwi hekima, inanyimwa hiyo ruhusa ya kusubiri. Inatakiwa iseme mapema.

Chukua foleni ya Malaba. Mei 2020, madereva wa malori walipotakiwa kupimwa Korona kabla ya kuvuka kwenda Uganda, malori yalipangana makumi ya kilomita kurudi nyuma upande wa Bungoma. Madereva walilala chini ya matrela yao na kupikia kando ya barabara. Katika foleni ya namna hiyo kila mtu ana maelezo yake. Kuna wa kusema serikali mbili hazielewani. Kuna wa kusema mtandao wa forodha umelala. Kuna wa kusema wapimaji ni wachache na majibu yanachelewa. La kwanza linapendeza mdomoni, ila jaribu kulishika: foleni ikirefuka, hawaelewani, ikifupika, wamepatana kidogo. La tatu halina raha hiyo. Linasema wapimaji wakiongezwa foleni itapungua, linasema dereva aliyekuja na cheti cha siku hizo atapita upesi, linasema malori matupu yanayorudi Mombasa hayatakwama vile vile. Ni mambo matatu, na lolote kati yake linaweza kuliaibisha. Karani mwenye daftari na saa ya mkononi angeweza kulipima kwa siku mbili.

Busia, mji pacha wa Malaba upande wa kusini, umekuwa kwa karibu miaka thelathini mojawapo ya mahali ambapo madai ya aina hii yamepimwa kwa wingi usiotarajiwa katika mji mdogo wa mpakani. Wengi wanaujua kwa boda boda, ambayo inasemekana ilizaliwa hapa, baiskeli zikibeba abiria na mizigo kutoka kituo cha forodha cha nchi moja hadi cha nchi ya pili. Wachumi wa dunia wanaujua kwa minyoo.

Kisa kinaanza na Michael Kremer, Mmarekani aliyekuwa amefundisha shule Kakamega miaka ya 1980 alipomaliza chuo. Miaka ya katikati ya 1990, akiwa tayari mchumi, alirudi kutembea na kumkuta rafiki yake wa zamani akifanya kazi ICS. Shirika lilikuwa linatafuta shule saba za kusaidia. Kremer akatoa shauri ambalo kwa wakati ule lilisikika kama mchezo: tafuteni shule 14, pigeni kura, saba zisaidiwe kwanza, halafu tulinganishe. Madaktari walikuwa wamezoea kupima dawa kwa njia hiyo tangu miaka ya 1940. Kupima elimu ya watoto maskini vijijini kwa njia hiyo hiyo halikuwa jambo la kawaida. Oktoba 2019 Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi iliyoota mizizi kwenye shule hizi.

Jambo la kwanza kubwa lililopimwa lilikuwa vitabu, na hapa kuna funzo kwa yeyote anayedhani ni wanakijiji peke yao wenye imani. Nani angepinga vitabu? Darasani watoto wanabanana watatu wanne juu ya nakala moja iliyochanika jalada. Wape vitabu, watafaulu. Wizara ya Elimu iliamini hivyo, wafadhili waliamini, walimu waliamini, na hata aliyeanzisha jaribio hakuwa na sababu ya kutilia shaka. Ila safari hii imani iliandikwa kwa umbo la kushindika: katika shule 100, 25 zitapata vitabu kuanzia 1996, na alama za wastani katika shule hizo zitapanda kuliko za zile zilizobaki.

Hazikupanda.

Wastani ulibaki pale pale. Watafiti (Kremer, Paul Glewwe na Sylvie Moulin) walipochambua zaidi, wakaona waliofaidika ni wale waliokuwa wanafanya vizuri tangu mwanzo, karibu mmoja kati ya watano walio juu ya darasa. Maelezo waliyopendekeza yanaeleweka haraka kwa mtu wa Busia. Mtoto wa Amagoro anazungumza Kiteso nyumbani, mwenzake wa Funyula anazungumza Kisamia. Wakienda sokoni wanaongea Kiswahili. Kitabu cha sayansi kimeandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu, tena kwa kiwango cha mtoto wa Nairobi ambaye mzazi wake humsomea kila jioni. Mpe mtoto huyo wa Amagoro kitabu chake peke yake akifungue: picha ataziona, namba za kurasa atazihesabu, na sentensi ya kwanza itamrudisha kwa mwalimu.

Maelezo mazuri. Lakini ni maelezo yaliyokuja baada ya matokeo, na hapo ndipo wengi huteleza. Mtu akishashindwa hakosi sababu. Timu iliyofungwa haikosi mwamuzi wa kulaumiwa. Wazo kwamba masomo ya Kenya yamelengwa kwa watoto wa mbele ya darasa lilikuwa, kwa wakati ule, nadharia tete mpya ambayo haijapita mtihani wowote. Ikabidi itengenezewe mtihani wake. Miaka ya 2005 na 2006, shule 121 za Bungoma na Butere-Mumias, jirani na Busia, zilipata mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Katika nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa uwezo wao, katika nusu ya pili waligawanywa kwa kura tu. Kama tatizo ni masomo kupita juu ya vichwa vya walio nyuma, basi kuwatenga na walio mbele kungewasaidia hata hao wa nyuma, kinyume na hofu ya wengi kwamba wangetelekezwa. Wakasaidika wote, wa mbele na wa nyuma. Maelezo ya vitabu yakaacha kuwa kisingizio.

Kisa cha pili ni kifupi. Ni cha chati kubwa za kufundishia, zile za kufunuliwa ukurasa mmoja baada ya mwingine mbele ya darasa. Watafiti walipolinganisha shule ambazo tayari zilikuwa nazo na zile ambazo hazikuwa nazo, zenye chati zilikuwa mbele kwa tofauti ya kutosha kumfanya mfadhili yeyote afungue mkoba. Kisha chati zikapelekwa kwa shule 89 zilizochaguliwa kwa bahati kati ya 178, na ile tofauti ikayeyuka. Shule zilizokuwa na chati toka zamani zilikuwa pia na mwalimu mkuu mchangamfu, au wazazi wenye uwezo, au vyote viwili. Chati ilikuwa dalili. Anayelala hotelini Busia anaweza kuona kwamba kila penye msongamano wa boda boda pana biashara kubwa, lakini kupeleka pikipiki hamsini porini hakutaleta soko.

Sasa turudi nyuma karne moja, maana jirani ya hapa hapa, kando ya ziwa, ilifanyika kazi ambayo kwa maoni ya mwandishi huyu ni mfano safi kuliko yote ya nadharia mbili kupimwa kwa kipimo kimoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 ugonjwa wa malale ulikuwa unafagia mwambao wa Ziwa Victoria, kutoka Busoga hadi Samia na kuendelea. Eneo hili lote la magharibi ya Kenya lilikuwa likihesabiwa Uganda hadi mwaka 1902. Watu walisinzia, wakakonda, wakafa, vijiji vizima vikabaki magofu. Patrick Manson, baba wa tiba ya nchi za joto huko London, alikuwa na dhana: ni kazi ya mnyoo mdogo wa damu wa aina ya filaria, ambaye alikuwa amemwona kwa wagonjwa. Mwaka 1902 tume ikatumwa. Mmoja wa wajumbe wake, Cuthbert Christy, alitembea huku na huku akichukua tone la damu kwa watu na kuandika mahali. Kama Manson yuko sahihi, ramani ya filaria na ramani ya malale zingefanana. Hazikufanana. Kavirondo, kama eneo hili lilivyoitwa wakati ule, palikuwa na malale bila ya mnyoo huyo. Na kulikuwa na sehemu za Uganda zenye mnyoo tele bila malale. Dhana ya Manson ikafa, na sifa zote za mwenyewe hazikuiokoa.

Mjumbe mwingine, Aldo Castellani, alikuwa amedhani ni bakteria, kisha akaona kwenye maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa vimelea vya tripanosoma. Machi 1903 akaja David Bruce, ambaye tayari alijua kwamba vimelea wa jamii hiyo huambukizwa mifugo na mbung'o. Akatumia kipimo kile kile kilichomwangusha Manson. Machifu na wamisionari wakaombwa wakusanye nzi wanaouma na kuwapeleka Entebbe, pamoja na taarifa ya mahali walipokamatwa na kama kuna malale. Vifurushi vikaanza kufika. Kila kilipotoka mbung'o, alama ikawekwa kwenye ramani moja. Kila palipo na ugonjwa, alama kwenye ramani nyingine. Ramani mbili zikalala moja juu ya nyingine: ukanda mwembamba wa ufuo na visiwa, mbung'o na malale pamoja. Bruce hakupata yote. Alidhani nzi hubeba vimelea kama sindano chafu tu, hadi Friedrich Kleine, akifanya kazi upande wa Wajerumani wa ziwa lile lile, alipoonyesha mwaka 1909 kwamba vimelea hukua kwanza ndani ya nzi. Dhana nzuri inaweza kukosea sehemu yake. Ila sehemu yenyewe lazima iwe na mpini wa kushikwa.

Minyoo ya Budalang'i ilishikwa kwa mpini huo.

Budalang'i na Funyula ni nchi inayoelekea ziwani, na upande wa Budalang'i Mto Nzoia hufurika na kuacha udongo wenye maji. Mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño, wataalamu wa Wizara ya Afya walikusanya kinyesi cha watoto wa shule huko. Fikiria meza ya shule iliyowekwa darubini, kopo moja moja lenye jina, na mtu anayehesabu mayai ya minyoo bila kuinua jicho. Asilimia 92 ya watoto waliopimwa walikuwa na angalau aina moja kati ya safura, mchango, minyoo mjeledi na kichocho. Zaidi ya robo walikuwa na aina tatu au zaidi kwa pamoja.

Kremer na mwenzake Edward Miguel walikuwa na shule 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Walizipanga kwa kanda na kwa alfabeti, wakahesabu moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Kundi la kwanza lilipewa dawa kuanzia 1998, la pili 1999, la tatu 2001. (Wakosoaji wamesema tangu hapo kwamba kuhesabu kwa alfabeti si kura kamili, na wana haki.) Albendazoli kwa minyoo ya kawaida, prazikwanteli kwa shule ambako kichocho kilikuwa kingi.

Ubora wa dhana yao ulikuwa katika wingi wa mambo iliyojifunga nayo. Mtu wa kawaida angesema, "Dawa itawasaidia watoto." Wao walisema mahudhurio yatapanda. Na hawakuliamini daftari la mwalimu, maana daftari la mwalimu ni maandishi ya heshima. Wahoji walifika shuleni bila taarifa na kuangalia mtoto mmoja mmoja kama yupo. Kisha wakaongeza dai la hatari zaidi. Mayai ya minyoo husambaa kwa udongo na maji. Kama hivyo ndivyo, mtoto akitibiwa anaacha kumchafulia mwenzake, na kwa hiyo hata asiyemeza kidonge atapona kidogo. Palikuwa na kundi lililofaa kabisa kupima jambo hilo: kwa mwongozo wa wakati ule, wasichana wa miaka 13 na zaidi hawakupewa dawa, kwa hofu ya ujauzito. Walikaa dawati moja na waliomeza. Kadhalika shule jirani za makundi yaliyokuwa bado yanasubiri.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2004 katika jarida la Econometrica, yalikuwa haya. Utoro ulipungua kwa robo. Wasiomeza dawa katika shule zilizotibiwa nao walikuwa na minyoo michache na walihudhuria zaidi. Shule jirani pia. Na alama za mtihani? Hazikubadilika. Dhana ilisimama kwa miguu miwili na kuvunjika wa tatu, na waandishi wakaandika yote. Msomaji anayetaka kumjua mtafiti mkweli na amtafute huyo mguu wa tatu kwenye ripoti. Ukikosekana, aanze kuuliza.

Jaribio hilo hilo lilizaa kichekesho kimoja. Mwaka 2001 wazazi katika nusu ya shule zilizokuwa zikipata dawa walitakiwa kuchangia ada ndogo. Wanaopenda maneno "uendelevu" na "umiliki" walitegemea kwamba mchango mdogo hautamzuia mzazi anayejua thamani ya dawa. Waliomeza wakashuka kutoka asilimia 75 hadi 19 hivi. Watafiti walitarajia pia kwamba habari njema zingesambaa, kwamba mzazi mwenye ndugu au rafiki katika shule iliyoanza mapema angekuwa mwepesi zaidi kukubali dawa. Ikawa kinyume. Kadiri mzazi alivyokuwa na marafiki wengi katika shule za mwanzo, ndivyo mtoto wake alivyoelekea kutomeza. Huenda wale marafiki walimsimulia juu ya tumbo kusokota na kutapika, wala hawakuona tofauti kubwa kwa macho. Dhana iliyosema mapema ilikwenda ikaangushwa mbele ya macho ya wenyewe, nao wakachapisha kushindwa kwao.

Mjadala huo wa ada ulipimwa upya kwa vyandarua. "Kitu cha bure hakithaminiwi" ni msemo wa kila mahali, na kwa miaka mingi ulikuwa sera: uza chandarua kwa bei ya chini, mjamzito atakitumia badala ya kukifugia kuku. Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliugeuza msemo kuwa dai lenye pande mbili za kupimika. Katika kliniki 20 za wajawazito Busia, Bungoma, Butere na Mumias, bei ilipangwa kwa bahati kuanzia bure hadi shilingi 40. Kama msemo ni kweli, waliolipa wangekitundika kuliko waliopewa. Wahoji wakaenda nyumbani kuangalia juu ya kitanda. Waliopewa bure walikitundika sawa na walionunua, ilhali kwa bei ya shilingi 40 waliokichukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia.

Kuna sharti moja la dhana nzuri ambalo vitabu vya shule huliacha: mtu mwingine, asiyekupenda, aweze kuirudia hesabu yako. Miguel na Kremer waliwapa data yao yote na programu zao za kompyuta watafiti wa chuo cha afya na tiba ya nchi za joto cha London. Mwaka 2015 hawa wakatangaza kwamba wameona makosa. Kubwa lilikuwa katika kupima umbali kati ya shule: hesabu ya awali ilikuwa imeacha baadhi ya majirani. Ilipokokotolewa upya, faida kwa shule za karibu, hadi kilomita 3, ilibaki. Ile ya kilomita 3 hadi 6 haikusimama tena. Magazeti yakapiga kelele, mitandao ikaita vita vya minyoo. Wakati huo huo madaktari waliokusanya majaribio mengi kutoka nchi nyingi walikuwa wakisema kwamba kumpa dawa kila mtoto bila kumpima hakuonyeshi faida kubwa kwa wastani. Wachumi wakajibu kwamba Busia ya 1998 ilikuwa na minyoo mingi kuliko nyingi kati ya sehemu hizo. Ubishi haujaisha, ila angalia unabishaniwa wapi: juu ya kilomita, asilimia na idadi ya shule. Aliyekosea alionyeshwa mstari aliokosea, akakubali. Hakuna aliyewahi kuonyeshwa mstari kama huo katika habari ya radi na shirika.

Kenya ilianza kutoa dawa za minyoo mashuleni kitaifa mwaka 2009. Wanafunzi wale wa 1998, nao, hawakuachwa. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 wahoji wamekuwa wakiwafuata mmoja mmoja, Nairobi, Mombasa, na wengi ng'ambo ya pili ya mpaka huu huu, Uganda, dhana ikiwa kwamba kama dawa ilikuwa na maana basi itaonekana kwenye maisha ya mtu mzima. Ripoti ya 2021, miaka ishirini baadaye, ilisema waliotibiwa miaka miwili hadi mitatu zaidi wanatumia kwa wastani asilimia 14 zaidi ya wenzao na kupata asilimia 13 zaidi kwa saa ya kazi. Makadirio hayo yana mawanda mapana ya kubahatisha, na wapo wataalamu wasioridhika nayo. Wengi wa waliomeza vidonge vile Budalang'i na Funyula sasa ni wazazi, na wahoji wameanza kuwatembelea na kuwapima watoto wao.